Mchungaji alisema bibi yangu yuko motoni, na mimi ndiye ninayefundisha watoto kanisani

Shikamoo Shangazi,

Safu yako naisoma miaka mingi, na mara nyingi huwa nacheka mambo ya watu na mawifi zao. Leo ni zamu yangu, na langu halichekeshi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nakaa Tabora mjini, ni karani katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Nimeoa, nina watoto wawili, wa pili ana miezi mitano. Kanisani ndiko nilikokulia, mke nilimpata kwaya, mama yangu ni mzee wa kanisa, na mimi mwenyewe ni mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili. Kanisa gani sitataja. Tabora ni ndogo.

Mwaka jana tulifiwa na bibi, mama yake baba, kijijini kwetu upande wa Urambo. Bibi huyo ndiye aliyenilea mama alipokuwa masomoni. Hakuwahi kubatizwa, na si kwamba alikataa. Aliolewa mke wa pili. Alipokwenda kuomba ubatizo, bado mama kijana, aliambiwa aachane kwanza na babu. Alikuwa na watoto wanne. Akarudi nyumbani akaendelea na maisha yake. Lakini kanisa lilipojengwa pale kijijini, mafundi walikula ugali wa bibi msimu mzima, na mchanga wa msingi aliubeba kichwani kutoka mtoni, yeye na mke mwenziwe. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Ikifika Meza ya Bwana anatoka, anakaa chini ya mwembe, anamenya karanga mpaka wenzake wamalize. Nilipokuwa mdogo nilikuwa natoka naye.

Siku ya maziko mchungaji wetu alikuja kwa heshima ya mama. Alisema hawezi kuongoza ibada, ila atatoa neno la faraja kwa wafiwa. Neno lenyewe likawa hili: huyu mama tulimpenda, lakini upendo wetu hauwezi kumtoa motoni alikokwenda, hivyo wewe uliye hai amua leo. Watu wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai. Baba amesimama, udongo mkononi. Hakuna aliyesema kitu. Mama akaitikia "Amina". Hiyo Amina ya mama ndiyo inayoniamsha usiku.

Tangu siku ile nahoji kila kitu. Nasikiliza kwenye simu mafundisho ya wachungaji wa Marekani na Uingereza, wale wenye mrengo wa kisasa, na ninakubaliana nao. Kwanza moto. Mungu gani huyo amchome milele mwanamke aliyeomba kubatizwa akakataliwa na watumishi wake mwenyewe? Halafu damu. Nimefundishwa kwamba Mungu hakuweza kutusamehe mpaka mwanawe auawe. Mimi mwanangu akinikosea namsamehe bila kumchinja kaka yake. Nikafika na kwa Nuhu. Jumapili moja nilikuwa nabandika picha ya safina ukutani, kasichana ka darasa la pili kakaniuliza: "Mwalimu, na watoto wachanga waliobaki nje walikosa nini?" Nikasema tuimbe.

Ninachoamini sasa, kama naweza kukiita kuamini, ni kwamba Mungu si mfalme aliyekaa juu na daftari la makosa. Ni uhai wenyewe, umo ndani ya kila kitu, na dini zote ni njia za kumfikia. Nikienda na mjomba porini kukagua mizinga ya nyuki, kule ndani kwenye miombo, nasali vizuri kuliko nilivyowahi kusali kanisani. Nadhani bibi alimjua Mungu huyo alipokuwa akimtaja Likube, jina la Mungu kwa Kinyamwezi, na kumimina unga uliokorogwa kwenye kijumba cha mizimu nyuma ya nyumba.

Nyumbani hali si nzuri. Mke wangu alinikuta nasikiliza hayo mafundisho, akauliza, nikamwambia yote kwa mkupuo, usiku, mtoto analia. Akalia na yeye. Sasa anasema watoto wake hawatalelewa na mpagani, na mama yake ameshaambiwa. Mama yangu hajui, ila ananishuku, maana juzi juzi alikuwa anaombea chakula, ombi refu la kumfunga shetani barabarani, nami nikacheka kwa sauti. Na mtoto wetu anatakiwa kubatizwa Pasaka. Wazazi husimama mbele ya kanisa wakaahidi. Nitaahidi nini?

Shangazi, mimi bado ni Mkristo? Niendelee kufundisha watoto? Na siku ya ubatizo nisimame au nikatae?

Wako,
Mwalimu Asiye na Jibu, Tabora


Marahaba mwanangu. Mwangaluka, na pole kwa msiba wa bibi. Katika barua yako yote sijaona mahali uliposema kwamba kuna mtu aliyekupa pole hiyo ikakuingia, kwa hiyo ipokee kutoka kwangu.

Naanza na bibi, kwa sababu mengine yote yametokea kwake. Kama ungeniandikia habari za Nuhu peke yake ningekujibu kwa mistari miwili. Wewe hukuanza kwa kuhoji maandiko. Ulianza kwa kusikia jambo baya likisemwa juu ya mtu uliyemjua kuliko msemaji alivyomjua, tena mbele ya kaburi lake, na aliyepaswa kulikataa akaitikia Amina. Hapo aliyeumizwa ni mjukuu, na maumivu yake yanatafuta hoja za kujifunika nazo. Hoja zenyewe si mbaya, tutazifikia. Ila ujue zimetoka wapi, usije ukadhani umekuwa mwanafalsafa.

Bibi yako aliomba ubatizo akaambiwa amwache mume kwanza. Nataka ujue kilichotokea kwa sheria hiyo. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana walikutana Lambeth, London, wakaamua kwamba mwanaume mwenye wake wengi asibatizwe. Habari za wake zake wakawaachia wakubwa wa kanisa la kila mahali, wakakubali kwamba baadhi yao wanaweza kupokelewa. Mwaka 1988 mkutano uleule, safari hii na maaskofu Waafrika wengi ukumbini, ukaamua kwamba mwanaume wa namna hiyo akiamini anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto walioamini. Asilazimishwe kumwacha hata mmoja, kwa sababu ya hasara itakayomkuta mwanamke huyo. Masharti ni kwamba asiongeze mke, na waumini wa pale wakubali. Hukuniambia wewe ni wa kanisa gani, na makanisa mengine yana misimamo yao mpaka leo. Nakutajia hilo moja ili uone kwamba Biblia iliyosomwa 1888 na 1988 ni ileile, na bado watu waliomcha Mungu walikaa chini baada ya miaka 100 wakakiri kwamba mlango ulikuwa umefungwa vibaya. Sasa bibi yako aliyeufikia mlango huo kabla haujafunguliwa, akarudishwa, akabaki anakaa benchi la nyuma kila Jumapili maisha yake yote, kosa ni la nani? Mchungaji wako hakujiuliza. Ni kijana au mzee? Hukusema. Mimi namhisi kijana.

Wakatoliki nao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, ulitamka mwaka 1964 kwamba watu ambao, bila kosa lao, hawaijui Injili wala Kanisa, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujaribu kutenda yale ambayo dhamiri inawaambia, wanaweza kupata wokovu. Na mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikano, kwa idhini ya Papa, ilitoa waraka juu ya watoto wanaokufa kabla ya kubatizwa ikasema kuna sababu nzito za kuwa na tumaini kwa ajili yao. Nawaza wanawake wangapi wa Unyamwezi waliozika vichanga wakaambiwa vingine.

Wala usifikiri haya ni mambo ya Roma na London tu. Padri Charles Nyamiti alizaliwa Ndala, hapo Nzega, mwaka 1931. Alifundisha seminari ya Kipalapala, ambayo kutoka kwako unaweza kufika kwa baiskeli, kisha akafundisha Nairobi miaka mingi. Huyo ndiye aliyeandika kwa kirefu kwamba Mwafrika anaweza kumwelewa Kristo kama Mhenga, tena Mhenga aliye kaka yetu. Aliangalia namna wazee wetu walivyohusiana na waliotangulia, ule undugu, ule ukaribu wao na Mungu, yale mawasiliano yasiyokatika na walio hai, akaona kwamba hapo kuna lugha ya kumsemea Kristo. Usije ukamnukuu vibaya kwamba alihalalisha kila kinachofanyika kwenye kijumba cha mizimu. Hakufanya hivyo, na alifariki 2020 akiwa padri mwaminifu wa Kanisa lake. Ninachosema ni kwamba maswali yako juu ya bibi na Likube yameshaulizwa na Mnyamwezi mwenzako, kwa utulivu, bila kuhama popote, wakati wewe umekwenda kuyatafuta kwenye simu kwa Kiingereza cha Marekani.

Juu ya moto wenyewe sitakudanganya. Haukubuniwa na mchungaji wako. Yesu aliuongelea, tena kwa ukali, na walimu wengi wa Kanisa tangu zamani wamefundisha kwamba ni wa milele. Wachache walitumaini vingine. Origen wa Alexandria, kule Misri, katika karne ya 3, alifundisha kwamba mwisho wa yote Mungu atarudisha kila kiumbe kwake. Gregory wa Nyssa, karne ya 4, alikuwa na tumaini la namna hiyo, akiuona moto kuwa wa kusafisha. Mafundisho ya Origen yakaja kulaaniwa karne ya 6. Gregory anahesabiwa mtakatifu mpaka leo. Kwa hiyo ukitumaini kwamba rehema ya Mungu ni pana kuliko mahubiri ya msibani, hujatoka kwenye Ukristo. Ukisema una uhakika kwamba hakuna hukumu ya aina yoyote, kwa mtu yeyote, hapo umekwenda mbele ya ushahidi, na wale wauzaji wa watu waliopita njia hii ya Unyanyembe na Ujiji wangefurahi kukusikia.

Halafu soma Mathayo 25 polepole. Angalia wale wanaoambiwa waende kwenye moto wa milele wameambiwa kwa kosa gani. Hakuulizwa mtu cheti cha ubatizo pale. Waliulizwa habari za mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni na mfungwa. Mafundi wa kanisa lenu walikula ugali wa nani?

Kwa damu nitakuambia kwa kifupi kuliko inavyostahili. Ile Imani ya Nikea inayosomwa makanisani, iliyoanzia mtaguso wa mwaka 325 na kukamilishwa 381, inasema Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu. Inaishia hapo. Kueleza kwamba ilikuwaje, msalaba ulifanya nini hasa, waliachiwa walimu, na hawakukubaliana. Maelezo ya deni lililopaswa kulipwa yalipangwa vizuri na Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, karibu mwaka 1098, na waliokuja baadaye wakayageuza kuwa habari za adhabu. Muda si mrefu Peter Abelard, Mfaransa, akaeleza kwamba msalaba ni upendo wa Mungu unaoamsha upendo ndani yetu. Wakristo wa Mashariki, Waorthodoksi, wao husisitiza kwamba Kristo aliingia mautini akaivunja kutokea ndani. Unaweza kuyakataa maelezo ya Anselm na bado ukabaki na msalaba. Mfano wako wa kumchinja kaka mtu ni mkali na umenichekesha, lakini unamsahau mmoja. Wakristo wanasema aliyekuwa msalabani ni Mungu mwenyewe, hakutuma mtoto wa jirani.

Sasa la Mungu aliye uhai ndani ya kila kitu. Unadhani ni jipya? Fungua Matendo 17:28. Paulo yuko Athene, anaongea na watu wasiojua Musa wala Ibrahimu, anawaambia kwamba ndani yake yeye tunaishi, tunakwenda na kuwa na uhai wetu, kisha anawanukulia washairi wao wenyewe. Kwa hiyo sali porini kwa amani. Ila kuna kitu nakitilia shaka huko. Mungu wa kwenye miombo hajawahi kukudai kitu. Hakukalishi benchi moja na mtu anayekuudhi, hakuombi mchango wa bati, wala hakwambii ukamsamehe mchungaji. Mungu wa bibi alimdai kurudi kila Jumapili mahali alipokataliwa. Ukisema wewe na bibi mnamjua Mungu mmoja, hilo nalo lihesabu.

Na kuna jambo hukuliandika. Umetaja moto, damu, safina na dini zote. Juu ya ufufuo hukusema neno. Sijui kama umeusahau au umeukwepa, na sikulazimishi kunijibu. Mengi ya uliyoyataja Wakristo wamebishania kwa karne nyingi wakabaki meza moja. Lile la ufufuo ndilo ambalo Paulo mwenyewe alisema likiwa si kweli basi imani yetu ni bure. Ukiniuliza kama wewe bado ni Mkristo, swali la kuanzia ni hilo, na jibu unalo wewe. Usilijibu kwa haraka. Yule baba wa mtoto mwenye pepo katika Marko 9 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto wake akaponywa.

Kuhoji pekee hakukutoi. Ibrahimu alisimama mbele ya Mungu akamuuliza kama mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki, akashusha bei kutoka wenye haki hamsini mpaka kumi. Ayubu alimpigia Mungu kelele kitabu kizima, na mwishoni waliokemewa ni marafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwa maneno ya uongo. Yule msichana wako wa darasa la pili ameuliza swali la Ibrahimu. Alistahili kuambiwa "swali zuri, hata mimi linanisumbua".

Hapo tumefika kwenye ualimu wako. Kuna makosa mawili unaweza kuyafanya pale. La kwanza ni kuwafundisha usichokiamini, na watoto wanalijua hilo haraka kuliko wakubwa. La pili, ambalo naona unalielekea, ni kutumia watoto wa wenzako kupigana na mchungaji wako. Wazazi wamekuachia watoto kwa kuaminiana. Omba kupumzika mpaka baada ya Pasaka. Sema una mtoto mchanga nyumbani, ni kweli na hakuna atakayekuuliza zaidi. Ukirudi, chagua habari unazoweza kuzisimulia ukiwa umesimama wima, Msamaria mwema, mwana mpotevu, Hajiri jangwani na mtoto wake. Safina mwachie mwalimu mwingine kwa sasa.

Kwa mkeo ulikosea, na ni kosa la wanaume wengi wakishasoma kitu. Ulikaa na mambo haya miezi kadhaa peke yako, ukayatafuna, ukayazoea, halafu ukamwagia mwenzio yote usiku mmoja akiwa na mtoto kifuani, ukategemea aelewe. Yeye alichosikia ni kwamba mwanaume aliyemwoa kanisani hayupo tena. Si ajabu alikwenda kwa mama yake. Rudi kwake, mchana, watoto wamelala au wako kwa jirani, na safari hii usimfundishe kitu. Mweleze ya bibi: benchi la nyuma, karanga chini ya mwembe, unavyoamka usiku. Nina hakika usiku ule ulimweleza habari za wachungaji wa Marekani, ya bibi hukumweleza. Kisha mwulize yeye anaogopa nini hasa. Huenda ukakuta haogopi moto. Huenda anaogopa kwamba utamwacha.

Kucheka ombi la mama yako ulikosa adabu, na uliomba radhi? Sioni. Kaombe. Mama anayemfunga shetani barabarani anaombea mabasi ya Tabora na pikipiki zake, na wewe umo humo ndani kila siku.

Ile Amina yake usiihukumu kabla hujamwuliza. Mzee wa kanisa akiwa mbele ya watu, mchungaji amemaliza sentensi, Amina hutoka yenyewe kabla akili haijafika. Inawezekana aliimaanisha. Inawezekana pia kwamba naye haimpi usingizi. Lakini kabla ya mama nenda kwa baba. Katika barua nzima umemtaja mara moja tu, amesimama na udongo mkononi. Aliyekuwa anazikwa ni mama yake mzazi, mwanangu. Wewe umepoteza bibi ukapata maswali. Yeye amesikia nini, na amekaa nacho na nani? Nenda kijijini mkae wawili, na usiende na hoja za Origen.

Na mchungaji? Mfuate, baada ya baba, ukiwa umepoa. Mwambie alichosema kilimfanya nini mjukuu wa marehemu. Usibishane naye juu ya aya, atakushinda kwa kuzihesabu. Mwulize jambo moja tu: katika daftari la kanisa kuna kumbukumbu yoyote ya siku bibi alipokwenda kuomba ubatizo? Akiona kwamba kuna mtu aliyeomba akarudishwa, huenda akajifikiria. Asipojifikiria, kila mahali kuna wachungaji wastaafu waliozika watu wa kila namna na wenye ulimi mwepesi kuliko wa vijana. Tafuta mmoja wa kuzungumza naye mara kwa mara, hata kama ni wa kanisa jingine. Simu haiwezi kukuuliza swali.

Umebaki ubatizo wa mtoto. Omba kitabu cha ibada mapema, wewe na mkeo mkasome zile ahadi mstari kwa mstari mkiwa nyumbani. Wekea alama unazoweza kuzisema kwa moyo wote, na zile zinazokukwama koo. Nategemea zitakazokukwama ni chache kuliko unavyodhani, maana ahadi za wazazi kwa kawaida ni za kumlea mtoto katika imani na kumwombea, hazikuulizi habari za safina. Zinazokwama mpelekee mchungaji kabla ya siku yenyewe. Usiende kunyamaza mbele ya watu ukamwachia mkeo ajibu peke yake. Ukiona kweli huwezi, mwambie mkeo mapema, mtoto asogezwe mpaka Pentekoste, dunia haitaanguka.

Lakini ungeniuliza mimi ningekuambia usimame. Bibi aliutaka ubatizo. Aliufuata kwa miguu yake, akanyimwa, na hakuna mahali ulipoandika kwamba aliacha kuutaka. Usimnyime kitukuu chake kitu kilekile ukidhani unamheshimu bibi.

Mama mkwe usimwendee wewe. Ameshaambiwa upande mmoja, na ukienda utakuwa unajitetea. Mwachie mkeo, akishaelewa, amwambie mama yake kwa maneno yake mwenyewe siku atakayoona inafaa.